Tusimketishe Mgonjwa: Mazoezi kwa Wenye Ugonjwa wa Parkinson
(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa hadhara wa kata)



Ugonjwa wa Parkinson hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuratibu mwendo. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, na hatua huwa fupi. Si uchawi, wala si uzee mtupu. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walikuta wengi wa wagonjwa hawajawahi kutambuliwa wala kupewa dawa.

Majumbani mwetu, kwa mapenzi, humwambia mzee: "Keti, usije ukaanguka." Kila kitu tunamfanyia. Hapo ndipo tunapokosea. Mwili usiotumika huzidi kukakamaa, miguu huishiwa nguvu, na anguko tuliloliogopa huwa karibu zaidi.

Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wagonjwa 130, ambao ugonjwa wao haukuwa mkali, kwa miezi 6. Kundi moja liliendesha nyumbani baiskeli ya mazoezi isiyotembea. La pili lilinyoosha viungo tu. Hatimaye dalili za mwendo zilizidi kidogo tu kwa waendesha baiskeli, ilhali kwa wenzao zilizidi zaidi. Mazoezi hayaponyi ugonjwa huu, wala hayachukui nafasi ya dawa. Lakini humsaidia mgonjwa kuendelea kujitegemea.

Baiskeli hiyo si lazima. Kutembea kwa haraka kwafaa: mgonjwa aanze na dakika 5 au 10, aongeze polepole hadi dakika 30, mara 3 kwa wiki. Kipimo chake ni hiki: aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Atoke wakati dawa imeshaanza kufanya kazi, apite njia tambarare, na asindikizwe. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Ndugu wananchi, mwenye mgonjwa asimfiche ndani. Amlete kwanza kituoni apimwe moyo na shinikizo la damu. Akisharuhusiwa, badala ya kumwekea kiti, mtengeeni muda wa kutembea naye.