Swali la Mtu wa Kujitolea

Msikilizaji, mwaka 2007 wanaastronomia walikuwa na picha za galaksi karibu milioni moja na macho machache ya kuzitazama. Wakaanzisha mradi wa Galaxy Zoo, wakamwomba yeyote mwenye kompyuta awasaidie kuzipanga kwa maumbo. Hanny van Arkel, mwalimu wa shule huko Uholanzi, aliona kando ya galaksi moja doa la buluu ambalo maelekezo hayakulitaja. Hakulipita, aliuliza ni kitu gani. Watafiti nao hawakujua, wakalielekezea darubini kubwa, na wakakuta wingu la gesi lililoangazwa na mwanga mkali wa galaksi ile jirani. Leo wingu hilo lina jina lake, na makala ya kitaalamu ya mwaka 2009 inamtaja miongoni mwa waandishi. Mchango wa aina hii, naamini, huzaliwa pale mtu wa kujitolea anapokuwa na pa kuuliza, na mwenye ujuzi akamjibu kwa heshima.

Wapo wanaosema vyeo na mashindano vinatosha kuamsha bidii. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Katika mradi wa Old Weather, watu walinakili kumbukumbu za hali ya hewa kutoka madaftari ya zamani ya meli za kivita za Uingereza, na aliyewapita wenzake kwa kurasa alipewa unahodha wa meli. Watafiti waliochunguza washiriki hao walikuta wengine wakivutiwa na cheo, lakini wengine wakivunjika moyo kwa kuona aliye mbele hashikiki, au wakihofia kwamba haraka ingeharibu usahihi. Hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wasiosomea fani watajaza makosa. Mradi kama huo katika mbuga ya Serengeti unajibu. Huko picha za wanyama kutoka kamera 225 zilioneshwa kwa watu kadhaa kila moja, majibu yakalinganishwa. Yalipopimwa kwa majibu ya wataalamu, aina ya mnyama ilikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Ila kufuata jibu la wengi, kunakozuia makosa, kunaweza pia kummeza yule mmoja aliyeona ambacho wenzake hawakukiona. Kwa hiyo anayepanga bajeti ya mradi kama huu atenge saa za mtafiti za kusoma na kujibu maswali, kama anavyotenga fedha za betri za kamera.