Shalumu na Binti Zake

Fungueni Nehemia 3:12. Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, alijenga ukuta pamoja na binti zake. Mtu mkubwa kama huyo angeweza kutuma vibarua! Lakini wale mabinti walimwona baba yao akishika mawe. Wakuu wa Tekoa, katika mstari wa 5, walikataa kuinamisha shingo zao.

Tangu karo ya shule za msingi za serikali ilipoondolewa hapa kwetu mwaka 2003, wazazi wengi husema, “Shule ni ya serikali.” Haya, na mtoto je? Akina mama huenda kubeba kuni na kupika uji. Akina baba, nasema kweli, wengi wetu huonekana siku tunapoitwa kwa makosa ya mtoto.

Ndugu yangu mwenye nyundo, mwulize mwalimu mkuu kuna madawati mangapi yaliyovunjika. Nenda Jumamosi na misumari yako. Tena usiende peke yako. Mchukue bintiyo akushikie ubao.

Tuombe.