Hiari yenye tarehe ya mwisho

(Maneno niliyozungumza Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa tawi letu, Mbagala. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie elimu. Elimu ni bahari, kwa hiyo mimi nitazungumzia karatasi moja tu. Hii hapa. Imetoka kwenye begi la mdogo wangu wa darasa la sita, shule ya serikali, siitaji jina. Juu imeandikwa "Michango ya hiari ya wazazi". Chini yake: mtihani wa kila mwezi, 2,000. Mlinzi, 1,000. Mwalimu wa kujitolea, 3,000. Rimu ya karatasi, moja kwa kila watoto wawili. Halafu mstari wa mwisho: mwisho wa kulipa ni tarehe 15, ambaye hajalipa aje na mzazi.

Mnacheka. Mimi niliposoma nilicheka pia, halafu nikamuona mama anahesabu sarafu za mihogo.

Nasoma sheria, niko mwaka wa tatu. Kwenye somo la mikataba moja ya mambo ya mwanzo kabisa tuliyofundishwa ni kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumbana mtu siyo ridhaa. Sasa hiari yenye tarehe ya mwisho, yenye orodha inayosomwa paredi, yenye "aje na mzazi", hiyo ni hiari ya nani?

Naomba niseme jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Huwa tunapanda jukwaani tunasema elimu bila malipo ni uongo mtupu, tunapigiwa makofi. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimeingia kidato cha kwanza Januari 2016, sisi ndio kundi la kwanza. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaiondoa, pamoja na michango. Mwaka ule darasani tulikaa watatu watatu kwenye dawati, kwa sababu walikuja watoto ambao bila waraka ule wasingekuja. (Kidato cha tano na sita nililipa kama kawaida. Nimemaliza Mei 2022, ada ikafutwa Julai. Bahati yangu hiyo.)

Kwa hiyo lilitokea jambo la kweli. Kinachoniuma ni jinsi linavyoliwa kidogo kidogo na karatasi kama hii.

Pale kidato cha nne nilikaa dawati moja na binti mmoja, hesabu alikuwa ananishinda kila mtihani. Muhula wa mwisho shule ikatangaza kambi ya kujiandaa na mtihani wa taifa, 15,000 kila mmoja, "wazazi wamekubaliana". Mama yake hakuwepo kwenye hicho kikao, alikuwa anauza maji stendi. Binti akarudishwa nyumbani mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu hakungoja kurudishwa, hakuja tu. Mtihani alikuja kuufanya, ila wiki nne za mwisho hakuwepo, na matokeo yalionesha hizo wiki nne. Hakuna aliyemfukuza shule. Ukitafuta barua yenye saini huipati. Michango ya hiari inafanya kazi hivyo, haiachi karatasi.

Tuje kwenye sheria sasa, maana ndiyo mliniitia.

Katiba yetu Ibara ya 11 inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa. Tamu kweli. Ila rudi nyuma kidogo, Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Yaani Ibara ya 11 peke yake huendi nayo mahakamani. Na hii elimu bila malipo nayo ilianzishwa kwa sera na waraka. Waraka mmoja unaweza kubadilishwa na waraka mwingine, hata Bunge lisijue.

Ibara ninayotaka mwende nayo nyumbani ni ya 138. Hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu ambao sheria ya Bunge imeupa nguvu. Kijiji au halmashauri wanaweza kutunga sheria ndogo, sawa, lakini ina njia yake: wananchi washirikishwe, na ya kijiji iidhinishwe na halmashauri. Sasa ukidaiwa hela usiyoweza kuikataa, mwanao ndiye dhamana, tena hakuna sheria wala sheria ndogo, mimi nakuuliza hiyo tuiite nini kama siyo kodi? Naweza kubishiwa na wakili wa Serikali, na ningependa sana anibishie mbele ya jaji.

Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango kwenye shule za umma, akawaagiza mawaziri wake wasimamie. Wengi tulishangilia. Michango haikufa, ilibadilisha jina. Ikaitwa makubaliano ya wazazi, ikaitwa tuisheni, ikaanza kukusanywa na mjumbe wa kamati badala ya mwalimu.

Haikufa kwa sababu shimo lipo. Na hapa naomba tusimrukie mwalimu mkuu. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa kwa mtoto wa msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka, kiwango kinachotajwa tangu enzi za MMEM, mwaka 2002. Wakati ule ilikuwa kama dola 10, leo hata dola 5 haifiki. Humo 4,000 ni ya vitabu, shule inapokea 6,000. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Chaki humo, karatasi za mitihani humo, kitasa kikivunjika humo. Shule yenye watoto 800 ina laki nne kwa mwezi. Nani hapa anaweza kuiendesha kwa laki nne? Mwalimu mkuu anaambiwa usichangishe, halafu anaulizwa mbona ufaulu umeshuka. Akichangisha ana kosa, asipochangisha ana kosa.

Kwa hiyo hasira yetu tuipeleke kwenye bajeti, na kule kwenye bajeti tuseme mambo mawili bila kuzunguka. Ruzuku ipandishwe ifanane na bei za leo, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, imeingia lini na kiasi gani. Na elimu bila malipo iandikwe kwenye Sheria ya Elimu yenyewe, pamoja na katazo la kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya hela.

Mtaani, usimpe mtoto hela aibebe. Mzazi aulize kwa upole, muhtasari wa kikao uko wapi, risiti iko wapi. Mwenye uwezo na anataka kuchangia achangie, hilo silipingi, mama yangu mwenyewe amewahi kutoa mihogo kwa walimu wa kujitolea bila kuombwa na mtu. Ila asiyenacho jina lake lisisomwe paredi.

Nilimwandikia mwalimu mkuu barua ya ukurasa mmoja, ya heshima, nikauliza maswali hayo mawili. Amenijibu kwa mdomo kupitia kwa mama: "Mwambie binti yako aje kwenye kikao." Kikao ni Jumatatu saa nne asubuhi. Nitakuwa na kipindi chuo, nitakikosa. Mama anaenda, mimi naenda. Mwenye mtoto au mdogo wake pale, tukutane getini saa tatu na nusu, bila fulana za chama tafadhali.