Mlinzi Aliye Ndani Yetu

Ukikanyaga kamba gizani, waruka kabla hujatambua kwamba si nyoka. Ndani ya ubongo Muumba ameweka mlinzi, sehemu ndogo kama lozi. Yeye hupiga mbiu akili ingali ikiuliza. Moyo huenda mbio, miguu hupata nguvu. Basi kushtuka si dhambi.

Eliya alipotishwa na Yezebeli alikimbia, hata akaomba afe (1 Wafalme 19). Bwana hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mkate na maji mara mbili. Ndipo, huko Horebu, akasema naye kwa upole.

Je, jirani yako ameshikwa na hofu? Usianze na mahubiri. Mpe chakula, keti naye, apumzike. Mlinzi akiisha kutulia, masikio yatasikia.