Mtu wa Kazi na Nguo ya Ng'ambo
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi



Mfumaji mmoja aliniuliza hivi: nguo ya ng'ambo ikiingia kwa bei ndogo hata kiwanda kikafunga mlango, Leta ina deni gani kwa mtu wa kazi? Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo liliulizwa zamani katika inchi ya Marekani, na jibu lake lilipita njia mbaya. Nataka niwaonyeshe njia hiyo.

Mwaka 1954 David McDonald, mkubwa wa sindika ya watu wa chuma, alikuwa katika tume iliyochunguza biashara ya Marekani na inchi nyingine. Alisema, kama serikali inapunguza ushuru kwa faida ya watu wote, isiwaache wachache wanaopoteza kazi kwa ajili ya jambo hilo. Tume ilikataa. Lakini John Kennedy, aliyekuwa seneta wakati huo, alilishika neno lile, na alipokuwa prezidenti akaliweka ndani ya sheria aliyotia sahihi mwezi wa Oktoba 1962. Mtu aliyepoteza kazi aliahidiwa hata asilimia 65 ya mshahara wake kwa mwaka mmoja, tena afundishwe ufundi mwingine.

Maneno mazuri, sivyo? Ngojeni kwanza. Sheria ilitaka mambo mawili yahakikishwe. La kwanza, kwamba bidhaa za nje ziliongezeka hasa kwa sababu ushuru ulipunguzwa. La pili, kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kubwa ya watu kuachishwa, kupita kila sababu nyingine. Sasa niambieni, mfumaji atajuaje? Hesabu za ushuru ziko katika mabiro ya mji mkuu. Vitabu vya kiwanda viko kwa tajiri, naye amekwisha kufunga sanduku. Basi tangu 1962 mpaka Novemba 1969 hakuna hata kundi moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Miaka saba! Mtoto aliyezaliwa siku ya sheria alikuwa amekwisha kuingia shule. Watu wa sindika waliuita msaada ule bima ya mazishi.

Sheria ya 1974 ilipanua mlango. Haikuulizwa tena habari ya ushuru, na ilitosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa nguvu. Watu watatu wa kiwanda kimoja waliweza kuandika ombi. Mwaka 1980, magari ya Japani yalipojaa sokoni, watu zaidi ya 500,000 walipata msaada, wengi wao watu wa viwanda vya magari. Mwaka uliofuata serikali ya Reagan ikaukata. Naona ndiyo desturi ya Leta: mlango ukiwa mwembamba inaisifu sheria yake, ukiwa mpana inaanza kuhesabu fedha.

Nataka mjue pia habari za Kannapolis, katika jimbo la North Carolina, mji uliokuwa ukiishi kwa taulo na mashuka. Tarehe 30 Julai 2003 kompani ya Pillowtex ilifunga, na katika jimbo hilo peke yake watu zaidi ya 4,000 walipoteza kazi. Wengi waliingia kiwandani wangali vijana, bila kumaliza shule ya sekondari. Kwa msaada ule wengine walirudi darasani na vichwa vyenye mvi. Tena sheria ya 2002 iliongeza jambo ninalolipenda: mtu wa miaka 50 na zaidi akipata kazi mpya ya mshahara mdogo, Leta ilimlipa nusu ya upungufu. Kama zamani alipata dola 500 kwa juma na sasa 400, aliongezewa 50, mpaka jumla ya dola 10,000 katika miaka miwili. Mtu mzee hakulazimishwa kujifanya mwanafunzi ili ale.

Lakini wangapi walifikiwa? Wataalamu Autor, Dorn na Hanson walichunguza sehemu zilizopigwa na bidhaa za China, na makala yao ya 2013 ilionyesha kwamba fedha nyingi zaidi zilikuja kwa njia ya malipo ya ulemavu kuliko kwa msaada huu. Na aliyeachishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi kuandikwa alikuwa nje. Mama anayeuza chakula mlangoni pa kiwanda, wala hakutajwa.

Toka tarehe 1 Julai 2022 muda wa sheria uliisha, na maombi mapya hayakuweza kukubaliwa.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniuliza, usidai sheria kwa jina lake tu. Uliza ni nani atakayehakikisha. Leta ndiyo yenye vitabu vya forodha, basi Leta ihakikishe. Uliza siku zinahesabiwa tangu lini. Uliza habari za mzee na za mama wa mlangoni. Na ninyi nyote, andikeni majina yenu, miaka ya kazi na mishahara wakati mashini zingali zinazunguka, kwa maana kiwanda kikifungwa, karani huondoka wa kwanza, na vitabu mkononi.