Daftari la Mwili: Tutembee Kiasi Gani Ili Tupungue?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu



Tulipoombwa kusema machache katika siku hii adhimu, tulijiuliza muuza vitambaa aliyeishia shule ya sekondari atawaambia nini watu ambao miongoni mwao wamo madaktari na mawakili. Tukaona heri tuseme jambo tulilojifunza kwa miguu yetu wenyewe.

Sisi ni wazee sita wa jumuiya hii, wenye maduka Kariakoo na Kisutu, ambao alfajiri hutembea kando ya bahari katika Barabara ya Barack Obama, hapa Dar es Salaam. Mwenzetu wa saba hatembei nasi. Kisukari kilimchukulia vidole vya mguu wa kulia. Yeye huketi ukutani, saa mkononi, akituhesabia dakika. Ndiye aliyetukusanya. Alipotoka hospitali alituita nyumbani kwake, akatuonyesha mguu uliofungwa bendeji, akasema: "Ndugu zangu, tembeeni mngali na miguu."

Tukaanza kutembea nusu saa, siku 3 kwa wiki. Baada ya miezi 3 tulipanda mizani tukitarajia pongezi. Wawili walikuwa wamepungua kidogo mno, watatu walikuwa vile vile, na mmoja alikuwa ameongezeka kilo 2. Tukalalamika kwamba mazoezi ni ya vijana. Mwenzetu akacheka, akatukumbusha usemi ambao kila mwenye duka anaufahamu: mali bila daftari huisha bila habari. Basi tukafungua daftari.

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu mwenye kilo 80 akitembea kwa haraka nusu saa hutumia kalori zipatazo 170. Kwa siku 3 ni kalori 500 hivi kwa wiki. Kwa mwendo huo, hata kama chakula chake hakibadiliki, atahitaji wiki 15 kupoteza kilo moja. Sasa tuangalie upande wa pili wa daftari. Gramu 100 za gathiya peke yake hazipungui kalori 500. Nasi kila tulipomaliza kutembea tulikwenda moja kwa moja kunywa chai ya maziwa yenye sukari, pamoja na gathiya na jalebi, tukijipongeza. Matembezi ya wiki nzima tuliyala katika kifungua kinywa kimoja. Mfanyabiashara gani huuza kwa shilingi 100 bidhaa aliyoinunua kwa 300, kisha akashangaa duka halina faida?

Je, kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya moyo na mapafu ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kiasi hicho ni kwa ajili ya afya. Kuhusu uzito, wataalamu wa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo walieleza mwaka 2009 kwamba dakika 150 hadi 250 kwa wiki humzuia mtu asinenepe na humpunguza kidogo tu. Anayetaka kupungua kwa kiasi cha kuonekana hana budi kuvuka dakika 250. Sisi tulikuwa tukifanya 90.

Na mwendo wa kadiri ni upi? Kipimo chetu ni hiki: ukitembea, uweze kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba bhajan. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Usipoweza kuzungumza, punguza.

Tukabadili utaratibu. Sasa ni dakika 50 au zaidi, siku 6 kwa wiki. Chai haina sukari, na gathiya ni ya Jumapili. Katika mwaka mmoja kila mmoja wetu alipungua kilo kati ya 4 na 9, na yule aliyekuwa ameongezeka ndiye aliyepungua kuliko wote. Tungependa kusema ni miguu peke yake iliyofanya kazi hiyo, lakini daftari halisemi uongo: sahani ilifanya sehemu kubwa. Miguu inafanya kazi ya kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi, na kazi hiyo haina likizo.

Ndugu zetu, jambo hili linatuhusu sisi zaidi. Watu wenye asili ya Asia Kusini hupatwa na kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, na mojawapo ya sababu ni kwamba mafuta yetu hukaa zaidi tumboni. Chukueni futikamba ya fundi cherehani mpime kiuno. Mwanamume akifika sentimita 90, na mwanamke 80, kengele imelia. Nasi hukaa nyuma ya kaunta kutwa nzima, na hata siku ya Ekadashi, iliyo ya kufunga, tunakula viazi na sabudana vilivyokaangwa. Bhagavad Gita, katika sura ya 6, inatufundisha kiasi katika kula na katika kulala. Prasad hatuikatai, ni baraka; lakini baraka haizidi kwa kuongeza punje.

Mwenye kisukari, presha au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Avae viatu vinavyomtosha, na kila jioni akague nyayo zake. Mwenzetu alianza na lengelenge dogo ambalo hakulisikia.

Tunamaliza kwa maombi mawili. Kwa Halmashauri: akina mama wengi hawawezi kutembea peke yao alfajiri. Garba ya Navratri ni mazoezi ya nguvu kuliko matembezi yetu, lakini ni ya usiku 9 tu kwa mwaka. Tunaomba ukumbi ufunguliwe jioni mbili kila wiki wapate kucheza. Gharama za umeme tutazibeba sisi sita.

Kwa wanaume wenzetu: kesho saa 11:30 alfajiri tutakuwa langoni mwa hekalu. Mtamwona mzee ameketi na saa yake. Msimpite bila kumsalimu. Yeye atawaambia mwende dakika ngapi.