Kodi ya Ndege Iliyolala: Hasara za Air Tanzania Zikitazamwa Kutoka Al Garhoud

Ndege ya abiria hula pesa ikiwa angani, na hula pesa ikiwa chini. Angani inachoma mafuta, lakini imebeba watu waliolipa nauli. Chini haina abiria hata mmoja, na bado inadaiwa kodi ya ukodishaji, bima, maegesho, matengenezo na mishahara ya marubani wanaosubiri kupangiwa safari. Hasara nyingi za mashirika ya ndege ya taifa Afrika Mashariki zimezaliwa hapo: kwenye ndege zilizolala, na kwenye mikataba iliyosainiwa kabla ndege hizo hazijaruka. Air Tanzania ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa imepitia karibu kila kosa linalowezekana katika biashara hii, na mengine imeyarudia.

Shirika lilianzishwa Machi 1977, East African Airways ilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lilianza na ndege chache, mtaji mdogo na nchi kubwa ya kuhudumia. Katika miaka ya 1990 liliingia ubia na Uganda na South African Airways kuunda Alliance Air, kampuni iliyokufa mwaka 2000 bila kupata faida ya kudumu. Mwaka 2002 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa kwa South African Airways hiyohiyo, kwa ahadi ya dola milioni 20, na kampuni mpya, ATCL, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Matumaini yalikuwa kwamba mbia mkubwa angeleta ndege, nidhamu na soko. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, ubia ulivunjika na Tanzania ikazichukua tena hisa zake. Shirika lilibaki na hasara ya mabilioni ya shilingi, ndege chache za kukodi, na jina ambalo abiria walikuwa wameanza kulikwepa.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2007, ATCL, ikiwa haina mtaji, ilisaini mkataba wa miaka sita wa kukodi Airbus A320 moja kutoka kampuni iitwayo Wallis Trading, kwa dola 370,000 kwa mwezi. Serikali iliweka dhamana. Ndege ilifika 2008, ikaruka kwa miezi michache tu, kisha ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa na kukwama huko. Kodi haikukwama. Kila mwezi uliopita, ndege ikiwa imeegeshwa mbali na Dar es Salaam, dola 370,000 nyingine ziliongezwa kwenye deni. Deni lilipofikishwa mezani kwa mdhamini, lilikuwa limepita dola milioni 40, na mlipaji akawa ni mlipakodi wa Tanzania. Desemba 2008, wakati deni hilo likiendelea kukua, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilikifungia cheti cha uendeshaji cha shirika, likakaa chini kwa wiki kadhaa hadi Januari 2009. Mkulima wa Singida aliyewahi kuona ndege ikipita juu tu alikuwa anachangia kodi ya ndege ambayo hakuna Mtanzania aliyekuwa anaipanda.

Hapa neno usimamizi mbovu linahitaji kuelezwa, maana mara nyingi hutumika kumaanisha wizi peke yake. Wizi ukiwepo ni jambo la mahakama. Lakini mkataba wa A320 ungeleta hasara hata kama kila aliyeusaini angekuwa mwaminifu. Haukuuliza maswali ya msingi: ni njia zipi ndege hiyo itajaza, matengenezo makubwa yanakaribia lini, nani atayalipia, na nini kitatokea kodi ikisimama kulipwa. Kampuni isiyo na fedha ya kununua vipuri ilijifunga kulipa kodi kwa miaka sita. Dhamana ya Serikali nayo ilimwondolea mwenye ndege hofu yote: hakuhitaji kujali kama ndege inaruka, kwa sababu alikuwa na uhakika wa kulipwa.

Baada ya ajali ya Dash 8 Kigoma mwaka 2012, ambayo haikuua mtu lakini iliimaliza ndege, shirika lilikuwa karibu halina kitu cha kurusha. Mabadiliko makubwa yalikuja 2016. Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kununua ndege kwa fedha taslimu: Dash 8 Q400 mbili zikatua Septemba mwaka huo, Boeing 787 Dreamliner ya kwanza Julai 2018, Airbus A220 mwishoni mwa mwaka huohuo. Safari zikarudi Mwanza, Bukoba, Kigoma, Mbeya na visiwani, na kwa mfanyabiashara wa Mwanza aliyezoea kulala njiani, faida hiyo haikuhitaji kuelezwa na mkaguzi.

Mkaguzi, hata hivyo, aliendelea kuhesabu. Ndege mpya si mali ya ATCL. Ni za Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL huzikodi. Mpangilio huu ulilenga, pamoja na mengine, kuziepusha na madeni ya zamani ya shirika, lakini haukuzikinga na wadai wa Serikali yenyewe. Mwaka 2019 A220 moja ilizuiwa Johannesburg kwa madai ya fidia ya mali iliyotaifishwa, na Desemba 2022 nyingine ikazuiwa Uholanzi kwa shauri la mradi wa sukari wa Bagamoyo. Hakuna deni kati ya hayo lililotokana na tiketi, mafuta wala mizigo. Shirika lilipoteza ndege kwa ugomvi usio wake.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa injini. A220 hutumia injini za Pratt & Whitney ambazo zimesumbua mashirika mengi duniani kwa kuchakaa mapema, na kuanzia 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya ndege hizo ikisubiri injini na vipuri. Kosa la mtengenezaji halikuwa la ATCL, lakini mkataba wa kukodi ulikuwa wake, na historia ya A320 ikajirudia kwa sura nyingine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinaonyesha hasara ya Sh bilioni 60.2 mwaka 2019/20, Sh bilioni 35.2 mwaka 2021/22, Sh bilioni 56.6 mwaka 2022/23, na Sh bilioni 91.8 mwaka 2023/24, licha ya ruzuku kubwa kutoka Hazina. Ndege zimeongezeka, hasara nayo imeongezeka. Shirika likikua kabla ya kuwa na wahandisi, vipuri na fedha za kutosha kuziweka ndege hewani, kila ndege mpya ni mdomo mpya wa kulishwa.

Majirani hawana nafuu ya kujivunia. Kenya Airways, iliyobinafsishwa mwaka 1996 kwa KLM kununua asilimia 26, ilikuwa mfano wa kuigwa hadi ilipojitwika Mradi wa Mawingu, mpango wa kupanua safari na ndege kwa kasi kuliko soko. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilitangaza hasara ya Sh bilioni 25.7 za Kenya, iliyochangiwa pia na mikataba ya kufunga bei ya mafuta kabla bei haijaporomoka. Ndege kubwa zilikodishwa kwa Turkish Airlines na Oman Air. Oman Air hiyohiyo ikanunua nafasi ya Kenya Airways ya kutua Heathrow kwa dola milioni 75. Kwa maneno mengine, shirika la Ghuba lilinunua kile ambacho Nairobi ilikuwa imekijenga kwa miaka mingi.

Mtu akitaka kujibu hoja kwamba Serikali haiwezi kamwe kumiliki ndege, atazame Al Garhoud. Mtaa huu umepakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Dubai, na makao makuu ya Emirates yako hapa. Emirates ni mali ya Serikali ya Dubai kwa asilimia mia. Ilianza Oktoba 1985 kwa safari ya Karachi, ikitumia ndege zilizokodiwa kutoka shirika la Pakistan, na mtaji wa dola milioni 10. Ilianza kwa kukodi, kama ATCL. Tofauti ni kwamba anga la Dubai liliachwa wazi kwa washindani tangu mwanzo, wasimamizi waliachiwa waamue njia na ndege, na hesabu zilizokaguliwa hutolewa kila mwaka mbele ya kila mtu. Ni kweli kwamba mwaka 2020/21, wakati wa korona, Emirates ilipata hasara ya dirham bilioni 20.3 na Serikali ikaongeza mtaji. Lakini msaada ulikuja baada ya miongo ya faida, kwa tukio lililoegesha dunia nzima.

Kutoka mtaa huuhuu kulitoka jaribio jingine. Mwaka 1998 Emirates ilinunua hisa na kuchukua usimamizi wa shirika la Sri Lanka. Mwishoni mwa 2007, msafara wa rais wa nchi hiyo ulitaka nafasi ndani ya ndege iliyokwisha kujaa London. Mkurugenzi mtendaji alikataa kuwashusha abiria waliokwisha kulipa. Kibali chake cha kazi kilifutwa, na mwaka 2008 mkataba wa usimamizi haukuongezwa. Shirika lililokuwa likipata faida lilirudi kwenye hasara na kubaki humo kwa miaka mingi. Ndege na njia zilikuwa zilezile. Aliyekuwa ameondolewa ni mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Air Tanzania ilianza safari za Dubai mwaka 2024, na hutumia Jengo la Abiria la 1, mkabala na Al Garhoud. Kwenye mizani ya mizigo hapo soko linaonekana kwa macho: mabegi yaliyovimba, maboksi yaliyozungushiwa utepe wa gundi, majina yaliyoandikwa kwa kalamu nene, na mfanyabiashara wa Kariakoo akihamisha nguo kutoka begi moja hadi jingine ili kilo zikae sawa. Mizigo ipo, abiria wapo. Emirates na flydubai zinawagombea hao hao, zikiwa na safari nyingi zaidi kwa siku. Faida ya njia hii itategemea ndege iliyoandikwa kwenye tiketi kuwepo siku iliyoandikwa, kwa kuwa mfanyabiashara aliyekwama siku mbili huongeza gharama ya hoteli kwenye bei ya mzigo wake, na safari ijayo hukata tiketi kwingine.

Kwa safari ndefu, kikwazo ni kikubwa zaidi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukayaweka humo mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Dreamliner zilizonunuliwa kwa safari za mbali haziwezi kutua Frankfurt hadi usimamizi wa usalama urekebishwe, kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga yenyewe hadi karakana za shirika. Mpaka hapo, Mtanzania anayekwenda Ulaya anaweza kufika Dubai kwa ndege ya taifa lake, lakini kutoka hapo nauli yake italipwa kwa shirika jingine.